Stendi ya nyuma kwanza, ya mbele ikae ikisubiri

Niseme msimamo wangu mapema ili tusizungushane. Kama pikipiki yako unaishughulikia mwenyewe, hata kama ni kuosha cheni na kuipaka oili tu, basi stendi ya nyuma, ile ya chuma yenye vitairi unayoiingiza nyuma ya pikipiki kunyanyua tairi la nyuma, ndo kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hujaanza kukusanya spana za kila namna. Stendi ya mbele ni habari nyingine kabisa, wengi wanainunua kwa sababu inauzwa pamoja na ya nyuma na zikikaa pamoja zinapendeza, alafu siku ya kwanza tu wanaanza na ya mbele na pikipiki inalala. Mi naona hilo ndo kosa kubwa kuliko yote na ndo limenifanya niandike.

Sababu yake si ngumu. Stendi ya nyuma ina upana, inashika pikipiki pande zote mbili kwa wakati mmoja kwahiyo inaizuia isilale kulia wala kushoto. Stendi ya mbele haina kazi hiyo, kazi yake ni kunyanyua tu, kama ni ile ya kuingia kwenye shingo, yaani pale usukani unapozungukia, basi inashika sehemu moja katikati na pikipiki inaweza kuyumba juu yake. Sasa ukinyanyua mbele wakati nyuma pikipiki imeegemea stendi ya pembeni, unakuwa umeondoa tairi moja chini na kilichobaki ni tairi la nyuma na kale kachuma ka pembeni, na uzito wote umeshainama upande mmoja tangu mwanzo. Hapo hata upepo unatosha. Kwahiyo utaratibu ni mmoja na sijawahi kuona sababu ya kuubadilisha: kupandisha unaanza nyuma alafu mbele, kushusha unaanza mbele alafu nyuma. Nyuma ndo ya kwanza kupanda na ndo ya mwisho kushuka.

Sasa tuongelee ya nyuma vizuri maana hapa ndo kuna mambo. Zipo za aina mbili kwa pikipiki za kawaida. Kuna zenye vikono vyenye mfano wa V ambavyo vinashika spuli, yaani vile vifundo viwili vinavyofungwa kwa bolti kwenye swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma), kimoja kila upande, na kuna zenye vikanyagio bapa vya mpira ambavyo vinakaa chini ya swingamu bila kushika chochote. Kama swingamu yako ina matundu yenye nyuzi za bolti, tafadhali weka spuli. Ile V ikishakaa kwenye spuli haina pa kwenda, ila mpira bapa ukiwa na grisi au maji unateleza, na swingamu ambayo chini si bapa ndo kabisa. Ila angalia saizi ya bolti kabla hujanunua, kuna za milimita 6, 8 na 10, Yamaha nyingi ni 6, Suzuki nyingi ni 8, na usije ukalazimisha bolti isiyo yake kwenye swingamu ya aluminiamu maana nyuzi zikishaliwa umejitengenezea kazi ambayo haikuwepo. Pikipiki nyingi ndogo hazina matundu hayo, kwa hizo ile ya mpira ndo itakayokufaa, au kama ina stendi kubwa ya katikati basi tumia hiyo kwa kazi za cheni na tairi la nyuma na huna haja ya kununua kitu.

Zile zenye swingamu ya upande mmoja kama Ducati 916 au baadhi ya Honda VFR zina stendi yake maalum, inaingiza pini kwenye tundu la katikati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, kutoka upande mmoja, na unene wa pini unatofautiana, pini ya Ducati usitegemee itaingia kwenye Honda. Hapo nunua inayotajwa kwa jina la pikipiki yako, basi.

Kunyanyua kwenyewe. Kwanza sakafu, iwe ngumu na iwe sawa. Zege ni nzuri. Kwenye udongo au kokoto vile vitairi vya stendi vinazama au vinagota kwenye jiwe, na lami iliyopata jua kali nayo inabonyea, kama huna sehemu nyingine weka ubao mpana mnene wa kutosha stendi nzima pamoja na pale mkono wake mrefu wa kukandamizia utakapotua. Toa kufuli la diski kama umeliweka. Usukani uwe umenyooka. Stendi ya pembeni iache imefunguliwa, usiirudishe juu, maana ikitokea mambo yameharibika pikipiki ikirudi kushoto inakuta pa kuegemea.

Alafu usikimbilie kukandamiza. Simama upande wa kushoto, mkono wa kushoto shika pikipiki sehemu ngumu, mfano kishikio cha abiria au fremu ya nyuma, siyo indiketa wala plastiki, isimamishe wima, mkono wa kulia usogeze stendi mpaka vikono viguse spuli zote mbili. Zote mbili! Hapa ndo watu wengi wanapoharibu, wanaona kushoto kumekaa wanadhani na kulia kumekaa, kumbe kulia V ipo pembeni ya spuli, ukikandamiza inanyanyuka upande mmoja na inakwenda yote kulia ambako hakuna stendi ya pembeni na wala wewe haupo. Inama, chungulia upande wa pili, hakikisha. Ukisharidhika kandamiza mkono wa stendi taratibu kwa uzito wa mwili, siyo kwa kushtukiza. Pikipiki ya kilo 200 nyuma inakuwa na kama nusu ya huo uzito, na ule mkono mrefu wa stendi unakusaidia sana, kwahiyo ukiona unatumia nguvu za ajabu jua kuna kitu hakijakaa sawa, acha uangalie upya. Wakati inapanda utaona pikipiki inarudi nyuma kidogo au stendi inasogea mbele kidogo, hiyo ni kawaida, ndo maana sakafu isiwe na kitu cha kugotesha vitairi. Ikishakaa, funga breki ya mbele kwa mpira au mkanda kwenye hendo ili isitembee.

Na mara za mwanzo ita mtu. Kweli kabisa, ita mtu asimame upande wa kulia aishike tu, hana haja ya kujua chochote kuhusu pikipiki. Nasoma watu wanajisifu wananyanyua peke yao kwa mkono mmoja, sawa, wameshazoea mikono yao imeshajua lile jambo, ila kuzoea kunakuja kwa kurudia na hakuna sababu ya kurudia peke yako.

Kitu kingine ambacho naona hakisemwi vya kutosha ni nati ya ekseli. Kama unataka kutoa tairi la nyuma, ilegeze ile nati wakati pikipiki bado iko chini imekaa kwenye matairi yake. Nati hizo zimekazwa sana, nyingi ni kama Nm 100 hivi (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukazia), ukianza kuning'inia kwenye spana ndefu wakati pikipiki ipo juu ya stendi unaitikisa yote na unaweza kuing'oa kwenye spuli. Legeza chini kidogo tu, nyanyua, malizia juu. Na wakati wa kurudisha ni vile vile, kaza kiasi ikiwa juu alafu kumalizia kwa spana ya kupima nguvu fanya ikiwa chini.

Sasa ya mbele. Zipo mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza inanyanyua kwa kuweka vikono chini ya miguu ya shokapu za mbele, ya pili ina pini inayoingia kwenye tundu lililopo chini ya shingo, pale usukani unapozungukia. Mtu akiniuliza anunue ipi mi namwambia ya pini, hata kama ina usumbufu wa kutafuta pini yenye unene wa tundu lake, kwa sababu ile ya chini ya shokapu imekaa juu ya kitu ambacho siku moja utataka kukitoa. Huwezi kutoa shokapu ambazo ndo zimebeba pikipiki. Alafu kwenye pikipiki nyingine pale chini pana madigadi na kalipa za breki, unajikuta unatafuta pa kuweka vikono hupati. Ya pini inabeba kutoka juu, shokapu zinaning'inia huru, unatoa tairi, unatoa shokapu, na kama umesikia usukani una shida unashika miguu ya shokapu unaivuta mbele nyuma, ikicheza beringi za shingo zimelegea, alafu unazungusha usukani taratibu kushoto kulia, ukihisi pale katikati kuna mahali panakamata jua beringi zimeliwa. Beringi za shingo huwezi kuzipima vizuri hivo tairi la mbele likiwa limebeba uzito chini.

Hiyo hoja ya nani kabeba nini ipo nyuma pia. Stendi ya nyuma inabeba swingamu, kwahiyo shokapu ya nyuma inabaki na mzigo wa pikipiki, haijaning'inia. Ukiweka stendi ya katikati inabeba fremu, tairi linaning'inia chini, swingamu inashuka, na ulegevu wa cheni unabadilika. Ndo maana unaweza kupima cheni kwenye stendi mbili tofauti ukapata vipimo viwili, ukadhani cheni imeharibika. Angalia kitabu cha pikipiki kimesema upime ikiwa imesimamaje, vingi vinasema ikiwa kwenye stendi ya pembeni, basi hapo ndo upime. Na kama unataka kutoa shokapu ya nyuma au swingamu yenyewe hizi stendi hazikufai kabisa, tafuta kitu cha kubeba fremu au kuining'iniza kutoka juu. Siyo jeki ya gari chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na siyo matofali chini ya ekzosi. Sampu imetengenezwa ibebe oili, haikutengenezwa ibebe pikipiki.

Kuingiza ya mbele, nyuma ikiwa tayari iko juu: ingiza pini mpaka ikae yote, kandamiza taratibu, na iache stendi ya mbele iviringike yenyewe kuingia chini badala ya wewe kuivuta pikipiki mbele, maana ukiivuta unaisogeza na ile stendi ya nyuma ambayo ndo inakushikia kila kitu. Kama una mtu wa kukusaidia, macho yake yawe kwenye stendi ya nyuma.

Ikiwa juu usiikalie, hata ya kupiga picha. Na jambo ambalo nalirudia kwa kila mtu na nitaendelea kulirudia, usiwashe injini ukatia gia ili cheni izunguke yenyewe wakati unaisafisha. Najua inaonekana rahisi, kitambaa mkononi na cheni inapita, ila kitambaa kikikamatwa kati ya cheni na sproketi kinaingia na vidole vyako kabla hujafikiria kuachia, na watu wamepoteza vidole hivo hivo. Zima injini, weka nyutro, zungusha tairi kwa mkono. Inachukua dakika chache zaidi na hakuna kinachopotea.

Kushusha ndo kunahitaji utulivu kuliko kupandisha, kwa maoni yangu, maana mtu ameshamaliza kazi amechoka na anataka kwenda. Kabla hujagusa mkono wa stendi angalia stendi ya pembeni ipo chini. Unaishusha mbele kwanza pole pole, unatoa ile stendi unaiweka mbali, breki ya mbele unaifunga tena, alafu unaenda nyuma, mkono wa kushoto kwenye pikipiki, wa kulia unanyanyua mkono wa stendi huku ukiuzuia usiruke juu. Pikipiki itataka kusogea mbele kidogo inaposhuka, ila kwa kuwa breki imefungwa stendi ndo itarudi nyuma, wewe iegemeshe kwako taratibu mpaka stendi ya pembeni ipokee.

Na kama ulitoa tairi, ukishafungua ule mpira kwenye hendo bana breki mara kadhaa mpaka uisikie imekuwa ngumu, nenda na ya nyuma kanyaga vile vile, maana pedi zilisukumwa ndani wakati unarudisha diski na bano la kwanza mara nyingi linakuwa tupu.