Kwinidini ya Marekani, Mtoto wa Muheza: Mtandao Katika Kufundisha Tiba Tanga

Mwanafunzi wa utabibu aliyepo Tanga akifungua mkusanyiko wa zamani wa maswali ya mitihani ya Marekani na kufika kwenye malaria kali, ataambiwa jibu sahihi ni kwinidini ya mshipa, ndugu wa kwinini. Waliotunga swali hawakukosea kwa nchi yao. Artesunate ya sindano ilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani mwezi Mei 2020, na kwinidini ndiyo iliyokuwa dawa yao ya mshipa mpaka ilipoacha kupatikana mwaka 2019. Huku kwetu suala hilo lilikuwa limeshafungwa. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika: waliopewa artesunate walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto wenye malaria kali. Baadhi ya watoto wale walilazwa Hospitali Teule ya Muheza na Magunga ya Korogwe. Maarifa yalitoka kwenye wodi za mkoa huu huu, na mwanafunzi wa mkoa huu anaweza kuyakosa kwa sababu simu yake imemletea majibu ya nchi nyingine.

Mjadala wa teknolojia katika ufundishaji wa tiba nauanzia hapo. Kuna wanaotaka masomo yote yahamie kwenye simu na vishikwambi, kwa hoja kwamba wanafunzi ni wengi, wakufunzi ni wachache na vitabu vimechakaa. Kuna wanaosema udaktari hujifunzwa kando ya kitanda na kwamba simu imewafanya vijana wasimtazame mgonjwa usoni. Kila upande una hoja nzito. Msimamo wangu ni kwamba mtandao upewe nafasi kubwa kwa yale yanayohitaji kuonwa na kurudiwa, kwa sharti moja: kila kinachoingia darasani kipite kwanza kwa mkufunzi anayeijua wodi yetu, na kazi hiyo ya kuchuja ihesabiwe kuwa kazi.

Mfano wa pili ni mzito kuliko wa kwanza. Video nyingi za huduma ya dharura kwa watoto, zilizorekodiwa Ulaya na Marekani, zinafundisha hivi: mtoto ana homa kali, mikono na miguu ni ya baridi, ukibonyeza kucha rangi inachelewa kurudi, basi mimina dripu ya haraka, mililita 20 kwa kila kilo, pima, rudia. Utafiti wa FEAST wa mwaka 2011, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ulijaribu jambo hilo kwa watoto 3,141, na kituo cha Tanzania kilikuwa Muheza, kiasi cha kilomita 35 kutoka Tanga mjini. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliomiminiwa albumini, maji yenye protini ya damu, na asilimia 10.5 ya waliomiminiwa maji ya chumvi. Wale ambao hawakumiminiwa kwa kasi walifariki asilimia 7.3. Video ile haidanganyi kwa hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia. Ikihamishiwa kwenye wodi isiyo na mashine hiyo bila neno la tahadhari, inaua. Na tahadhari yenyewe ina mipaka yake ambayo mkufunzi lazima aitaje: watoto waliokauka kwa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule, nao bado wanahitaji maji haraka kwa mpango wao. Mwanafunzi aliyesoma kichwa cha habari pekee anaweza kumnyima maji mtoto wa kipindupindu.

Sasa tuutendee haki upande wa wanaoutetea mtandao. Tafiti hizo mbili zilichapishwa katika majarida ya London na Boston. Bila mtandao, mkufunzi wa Tanga angezipata kwa kubahatisha. Mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa, unazifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa bei ndogo. Nywila hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo chuo kisicho na mkutubi anayefuatilia usajili hubaki nje ya mlango ulio wazi. Hilo si tatizo la teknolojia. Ni kazi ambayo haijapangiwa mtu.

Je, kusoma mtandaoni kunafundisha kweli? Mwaka 2008 mtafiti David Cook na wenzake walikusanya tafiti nyingi za mafunzo ya mtandaoni kwa watu wa afya. Ukilinganisha na kutofundishwa kabisa, faida ilikuwa kubwa. Ukilinganisha na njia nyingine za kufundisha, tofauti kwa wastani ilikuwa ndogo na matokeo yaliyumba huku na huku. Kwa lugha ya darasani, chombo peke yake hakifundishi, na mhadhara mbovu ukirekodiwa unabaki mhadhara mbovu. Kinachosaidia ni mazoezi yaliyomo: swali linalomlazimisha mwanafunzi akumbuke bila kuangalia, maelezo ya kwa nini kila jibu lisilo sahihi si sahihi, na kurudia somo baada ya siku kadhaa badala ya usiku mmoja kabla ya mtihani.

Kuna kazi ambazo video fupi inazifundisha vizuri kuliko mkufunzi aliyezungukwa na wanafunzi 40. Kuchanganya artesunate ni mojawapo. Kwa kichupa cha miligramu 60 kinachokuja na bikabonati: weka mililita 1 ya bikabonati, tikisa mpaka iwe angavu kabisa, kisha ongeza maji ya chumvi mililita 5 kwa sindano ya mshipa, upate miligramu 10 katika kila mililita. Kwa sindano ya msuli ongeza mililita 2 tu, upate miligramu 20 katika kila mililita. Mtoto wa kilo 12, kwa kuwa yuko chini ya kilo 20, anapata miligramu 3 kwa kilo, yaani 36. Hiyo ni mililita 3.6 kwa mshipa au 1.8 kwa msuli, kabla ya kukadiria kwa kufuata jedwali la wodi. Dozi ni saa 0, 12 na 24. Makosa hurudi yale yale: mtu anachanganya kwa kipimo cha msuli kisha anavuta ujazo wa mshipa, dozi inakuwa maradufu; mwingine anatumia maji ya sindano badala ya maji ya chumvi; mwingine anaacha dawa iliyochanganywa ikae zaidi ya saa moja. Video ya dakika 3, kamera ikikaa karibu na vidole na kichupa, inaonyesha makosa hayo yote, na mwanafunzi anaweza kuisimamisha pale povu linapopotea. Irekodiwe kwa vichupa vilivyomo katika stoo ya hospitali anakofanyia mazoezi.

Hadubini ni habari nyingine kabisa. Picha za vimelea mtandaoni ni nzuri mno, na uzuri wake ndio kasoro yake. Aliyepiga picha alichagua eneo safi kuliko yote, rangi imekaa sawa, kimelea kipo katikati. Mwanafunzi anajifunza kutambua kimelea alichokwisha kutafutiwa. Benchi la maabara linamdai mambo matatu ambayo picha haina. La kwanza ni kutafuta: kwenye tone nene la damu lililopakwa kiooni, kwa lenzi ya mafuta ya 100, hatakiwi kusema hakuna vimelea kabla ya kupitia angalau maeneo 100. La pili ni kuzungusha skrubu ndogo ya fokasi, kwa sababu tone nene lina kina, na punje nyekundu inayoonekana kwenye tabaka moja hutoweka kwenye tabaka jingine. La tatu ni uchafu. Rangi ya Giemsa isiyochujwa huacha chembe za zambarau zinazofanana na vimelea. Maji ya kuchanganyia rangi yenye pH, yaani kipimo cha asidi, ya chini ya 7.2 hufanya kila kitu kielekee wekundu na kiini cha kimelea kisijitenge vizuri. Tone lililokaushwa kwa moto hung'ang'ania kioo na seli hazipasuki.

Kwa hiyo napendekeza picha za kimtandao zitumike wiki ya kwanza pekee, kumpa mwanafunzi taswira, kisha maabara ijitengenezee hazina yake: simu iegeshwe kwenye jicho la hadubini kwa kishikio, wapigwe picha vimelea wa kweli pamoja na slaidi mbovu, na kila slaidi mbovu iandikiwe sababu. Hazina ya slaidi mbovu ina thamani kubwa, kwa sababu vitabuni haimo.

Kuhusu ujuzi wa mikono, Tanzania ina ushahidi wake, na hauwapendezi wanaotaka mafunzo ya siku moja. Mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, ambayo yanataka asiyepumua aanze kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja tangu kuzaliwa, kwa kasi ya pumzi kama 40 kwa dakika, yalipimwa katika Hospitali ya Kilutheri Haydom, mkoani Manyara. Baada ya kozi ya siku moja, watumishi walifanya vizuri zaidi kwenye mwanasesere. Kwa watoto halisi utendaji haukubadilika. Yalipoletwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikapungua. Video inaweza kuonyesha jinsi barakoa inavyokaa juu ya pua na mdomo bila kufunika macho. Haiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba hewa inavuja upande wa kidole gumba chake. Hilo linajulikana kifua cha mwanasesere kisipoinuka, na mtu aliyesimama pembeni akamsogeza mkono.

Miundombinu. Mhadhara wa moja kwa moja kwa video ya kilobiti 600 kwa sekunde unakula kama megabaiti 270 kwa saa kutoka kwenye bando la kila mwanafunzi. Sauti ya kilobiti 48 pamoja na slaidi zilizotumwa mapema hazifiki megabaiti 30. Ndiyo maana mhadhara wa moja kwa moja naona ni matumizi mabaya ya fedha za vijana. Njia bora ni kompyuta ndogo ya bei nafuu, ya aina ya Raspberry Pi, iwekwe chuoni kama seva yenye video, miongozo na maswali. Wanafunzi wapakue kwa Wi-Fi ya ndani bila bando. Seva na ruta vikila wati 25 kwa pamoja, betri ya volti 12 ya ampea-saa 50, ikitumiwa nusu ili isife mapema, inavishikilia kama saa 12 umeme ukikatika. Kinachoharibika kwanza kwa kawaida ni kadi ya kumbukumbu, kwa sababu umeme unakatika katikati ya kuandika. Tumia diski ya nje na weka nakala mahali pengine. Upepo wa bahari nao una chumvi. Katika majengo yaliyo karibu na pwani, kama ya hospitali ya mkoa ya Bombo, ncha za nyaya hushika kutu na lenzi hushika ukungu, hasa masika. Sanduku lenye pakiti za kukausha unyevu ni sehemu ya bajeti ya teknolojia.

Lugha inastahili uzito zaidi ya inaopewa. Video za kuchukua historia ya mgonjwa ni za Kiingereza na mgonjwa wake hujieleza kwa mpangilio. Mgonjwa wa Tanga atasema ana homa, na huenda hamaanishi joto la mwili bali kuumwa kwa ujumla. Mama atasema mtoto alishikwa na degedege, na pengine ameshampeleka kwa mganga kwanza; mwanafunzi asiyejua kuuliza hilo bila kumfedhehesha atapoteza ukweli wa saa sita zilizopita. Kichomi, mshipa, presha kupanda: maneno haya hayamo katika programu yoyote ya London. Busha na matende, ambayo programu nyingi za nje huyapitia kwa haraka kama maradhi ya mbali, ni maradhi ya pwani hii. Vilevile picha nyingi za ngozi ni za watu weupe. Kwenye ngozi nyeusi weupe wa upungufu wa damu hutafutwa kwenye kiwambo cha jicho, ulimi na viganja, na ubluu wa kukosa hewa hutafutwa kwenye ulimi. Video tano za dakika tano, wakufunzi wakiigiza wagonjwa kwa Kiswahili cha hapa, zingeziba pengo kubwa kuliko usajili wowote wa kulipia.

Hatari moja haivumiliki. Picha za wagonjwa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kwa nia ya kujifunza, jina likionekana kwenye faili au uso ukiwa wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Ridhaa iombwe kwa maandishi, jina na namba ya faili zikatwe kwenye picha yenyewe, si kufunikwa kwa kidole. Na picha ya eksirei ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa, mistari myembamba ya mapafu inapotea. Itumwe kama faili.

Programu za akili mnemba zinajibu kwa Kiswahili kizuri na kwa ujasiri, hata dozi ikiwa si yenyewe. Zitumike kutunga maswali ya mazoezi. Dozi ithibitishwe kwenye Mwongozo wa Taifa wa Matibabu, kila mara.

Yote haya yanarudi kwa mkufunzi na ratiba yake. Kupitia video ya dakika 10, kuilinganisha na mwongozo, kuandika maswali matano na maelezo ya kila jibu, ni kazi ya saa tatu hivi kwa mtu anayejua anachofanya. Chuo kinachohesabu saa za kusimama mbele ya darasa peke yake kitapata video zisizochujwa. Kila faili kwenye seva liandikwe jina la aliyelikagua na tarehe ya ukaguzi, na mwongozo wa taifa ukibadilika mafaili ya zamani yaondolewe siku hiyohiyo, kwa sababu yakishapakuliwa yataendelea kupita kutoka simu hadi simu, na seva haina namna ya kuyaita yarudi.