Juan Gabriel na ile miaka minane bila albamu ya studio: alipata au alipoteza?

Juan Gabriel, mwimbaji na mtunzi maarufu wa Mexico, alifariki tarehe 28 Agosti 2016 Santa Monica, California, moyo ulisimama, akiwa na miaka 66, na siku mbili tu kabla alikuwa stejini Inglewood anaimba. Mexico ikalia. Maiti haijapoa, Nicolás Alvarado aliyekuwa mkurugenzi wa tivii ya UNAM, chuo kikuu cha taifa cha Mexico, akaandika gazetini kwamba yeye muziki wa huyu mtu haumpandi kabisa, yale mavazi ya kumetameta yanamkera kwa ushamba wake na utunzi wenyewe ni wa mtu asiyesoma. Watu wakawaka moto, na haikupita wiki jamaa akaachia ngazi.

Sasa kusema hupendi muziki wa mtu si kosa, na mimi naona hoja za wanaompinga Juan Gabriel zisikilizwe maana nyingine zina uzito. Ila ile ya usomi haina mashiko, tena inakwepa kitu kikubwa kwenye maisha yake ya kazi, ile miaka minane aliyokataa kutoa albamu mpya ya studio.

Hebu tuanze na huko kutokusoma. Jina lake halisi ni Alberto Aguilera Valadez, alizaliwa 1950 Parácuaro, Michoacán, mtoto wa mwisho kati ya kumi. Baba alipatwa na ugonjwa wa akili akapelekwa hospitali, mama akahamia Ciudad Juárez mpakani na Marekani kufanya kazi za ndani, na mtoto wa miaka mitano akaachwa kwenye nyumba ya kulelea watoto. Huko ndo akakutana na mwalimu Juan Contreras, fundi wa vitu vya bati ambaye pia alimfundisha muziki, na jina la kisanii likatoka hapo, Juan ni la mwalimu na Gabriel ni la baba yake. Akaimba kwenye baa ya Noa Noa pale Juárez, akaenda jiji la Mexico kutafuta maisha akaishia gereza la Lecumberri kama mwaka mmoja na nusu kwa tuhuma za wizi, akasaidiwa kutoka na mwimbaji Enriqueta Jiménez, na mwaka 1971 No tengo dinero ikawa hiti nchi nzima. Wimbo wa kijana asiye na hela, umeimbwa na kijana ambaye kweli hakuwa nayo. Noti za muziki hakuwa anasoma. Sasa mtu wa hivyo ukimhukumu kwa sarufi unakuwa unampima kwa kitu ambacho wala hakukihitaji.

Ukitaka kujua alichokuwa nacho chukua wimbo wake Hasta que te conocí, hasa ile ya moja kwa moja aliyoifanya Palacio de Bellas Artes, jumba la sanaa jijini Mexico, mwezi Mei 1990. Inaanza taratibu kabisa, mtu analalamika kwamba alikuwa hajui maumivu mpaka alipokutana na fulani, maneno ya kawaida ambayo hata mama muuza mboga anaweza kuyasema, alafu katikati mdundo unageuka, tarumbeta zinaingia, jamaa anaanza kucheza, anazungusha mwili, anaurefusha wimbo anavyotaka na nyuma yake iko Orchestra ya Taifa nzima na mariachi, bendi ya muziki wa jadi wa Mexico, wanamfuata. Malalamiko yamegeuka sherehe na huoni pa kushonea. Utunzi wa hivyo haufanyiki kwa bahati.

Na Bellas Artes yenyewe ilizua vita. Ni jumba la marumaru lililofunguliwa 1934, mahali pa opera na balei, na wakubwa wa sanaa wakasema kumpeleka huyu pale ni kulishusha. Upande wao naelewa kidogo, nchi inahitaji sehemu zinazolinda sanaa isiyouza, la sivyo kila jukwaa litakwenda kwa anayejaza viti. Lakini mapato ya zile shoo yalienda kwa hiyo hiyo Orchestra ya Taifa, kwa hiyo kwenye kesi hii hoja yao inalegea. Na 2016 majivu yake yalipopelekwa hapo hapo Bellas Artes, watu walipanga foleni ya masaa kwa masaa.

Sasa lile ninaloona halisemwi vya kutosha. Baada ya albamu ya Pensamientos mwaka 1986 hakutoa albamu mpya ya studio mpaka 1994, kwa sababu ya ugomvi na lebo yake BMG, kampuni iliyokuwa ikitoa muziki wake, kuhusu haki za nyimbo zake mwenyewe. Alikuwa kileleni, wimbo wake Querida wa 1984 ulikuwa unapigwa kila kona ya Amerika ya Kilatini, sauti iko kwenye ubora wake, umri miaka thelathini na kitu, na akasema hatoi. Wanaomlaumu wanasema alichoma miaka yake bora, na kiukweli hasara ipo, maana ukisikiliza rekodi za baadae sauti imeanza kukwaruza, na zile shoo za miaka ya mwisho sehemu nyingine anaachia mashabiki ndo waimbe. Sauti ile ya 1988 studio hatutaipata tena, hilo linaniuma mimi kama msikilizaji.

Ila tazama alifanya nini wakati huo. Hakukaa kimya, aliendelea kupiga shoo na nyimbo akawapa wengine. Así fue alimpa mwimbaji Mhispania Isabel Pantoja mwaka 1988 ikawa kubwa, kama ambavyo Amor eterno, aliyomwombolezea mama yake aliyefariki 1974, ilikaa kwenye sauti ya Rocío Dúrcal, mwimbaji mwingine wa Hispania, mpaka wengi wanaijua kwa mwimbaji huyo kabla ya mtunzi. Na 1994 wakakubaliana na lebo kwamba haki zitarudi kwake kidogo kidogo, akatoa Gracias por esperar. Mtoto aliyekulia nyumba ya kulelea watoto, aliyefungwa, kabishana na kampuni ya kimataifa akapata alichokidai. Kwangu hiyo inazidi albamu mbili tatu ambazo zingetoka, na naisema nikijua wapo mashabiki watakaokataa.

Kuna mengine ambayo siwezi kumtetea kirahisi. Kwenye kampeni za 2000 aliiimbia PRI, chama kilichokuwa kimekaa madarakani zaidi ya miaka 70, akimpigia debe Francisco Labastida ambaye alishindwa. Kodi nayo ilimletea matatizo na serikali. Msanii wa wanyonge akisimama na watawala watu wana haki ya kuuliza.

Kuhusu mapenzi yake, mwaka 2002 mtangazaji Fernando del Rincón alimuuliza kwenye tivii kama ni shoga, akajibu kwamba kinachoonekana hakiulizwi. Wapo wanaosema alikwepa, kwamba kwa ukubwa wake angetamka wazi angewasaidia vijana wengi waliokuwa wanapigwa na kufukuzwa makwao. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini huyu mtu alikuwa amesimama miaka thelathini mbele ya mariachi, muziki wa wanaume wa kofia kubwa na bastola kiunoni, akivaa pinki na kutingisha nyonga, na wanaume hao hao wakilewa wanaimba nyimbo zake huku wanalia. Alivunja ukuta bila kutoa tamko, na nani anaweza kumdai na tamko juu yake? Tena alifungua nyumba ya watoto Ciudad Juárez mwaka 1987, iliyoitwa Semjase, ikifundisha muziki watoto wa aina ile aliyokuwa yeye, na akaigharamia miaka mingi.

Kwa hiyo ukimuweka mezani, mpe Alvarado hoja moja tu, kwamba siyo kila wimbo wa Juan Gabriel ni mzuri. Alitunga mamia kwa mamia na mwingine unajirudia kabisa, viitikio vinafanana, na zile kolabo za albamu ya Los Dúo ya 2015 ni za kufurahisha zaidi kuliko za maana. Ila kama hujawahi kumsikia anza na ile Bellas Artes ya 1990, nzima, usiruke, na ukimaliza ndo uje tubishane kuhusu mavazi.