Mnataka shahidi ajitokeze, mnamwacha mikononi mwa nani?

Kila kesi ya mauaji ikianguka kortini kwa kukosa mashahidi, lazima atokee mtu wa kusema Wakenya ni waoga, wanaona na kunyamaza. Nimeyasikia tena redioni juzi na nimekasirika kweli. Watu hawanyamazi bure jamani, wanajua yaliyowapata waliosema.

Mmemsahau wakili Willie Kimani? Mteja wake alikuwa mtu wa bodaboda, afisa wa AP, yaani polisi wa utawala, aitwaye Leliman akampiga risasi mkononi 2015, naye akafanya vile raia tunavyoambiwa tufanye, akapeleka malalamishi IPOA, mamlaka inayochunguza polisi. Akabambikiwa kesi. Tarehe 23 Juni 2016 wametoka korti ya Mavoko, yeye na wakili wake na dereva wa teksi ambaye hakuhusika na lolote, wakatekwa na kufungiwa kambi ya AP Syokimau. Mle ndani yule mteja akaandika kwenye karatasi ya choo kwamba mke wake apigiwe simu, wako hatarini, akaitupa nje. Mtu ana kesi kortini, ana wakili, malalamishi yako IPOA, na tegemeo lake la mwisho ni karatasi ya choo na mpita njia! Miili yao ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Leliman alihukumiwa kifo Februari 2023, sawa, haki imetendeka, lakini hao watatu walishazikwa.

Najua mtaniambia sheria ipo. Ndiyo, ipo tangu 2006, na Shirika la Kulinda Mashahidi likapewa uhuru wake na marekebisho ya 2010, linaweza kukuhamisha, kukupa jina jipya, hata kuomba korti usikilizwe bila sura yako kuonekana. Ni kazi nzuri, siikatai. Ila hayo yote yanakuja ukishaomba, ukapimwa hatari yako, ukakubaliwa, ukatia sahihi. Hatari yenyewe inaanza mapema, pale kituoni kwa dawati la OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia matukio, benchi limejaa watu na afisa anakuuliza kwa sauti umekuja kuhusu nini.

Mtaani kwetu kuna mama mboga aliona kijana akipigwa hadi kufa. Akaandikisha taarifa asubuhi. Jioni, bado anakata sukuma, jamaa akasimama kibandani akamuuliza, mama, ulikuwa unatafuta nini kituoni? Hakuongeza neno. Mama akafunga kibanda akarudi ushago, na hadi leo hajarudi. Nani alimwambia huyo jamaa, kama si mtu wa hapohapo kituoni?

Mshtakiwa ana haki ya kujua ushahidi dhidi yake, ni kifungu cha 50 cha Katiba na sikipingi, maana watu wamefungwa kwa uongo. Lakini haki hiyo inapitia kortini, mbele ya hakimu. Haipitii kwa simu ya afisa jioni ileile.

Na wafichuzi wa ufisadi ndio wameachwa kabisa, Munyakei aliyefichua kashfa ya Goldenberg alifutwa kazi Benki Kuu na akafa maskini 2006.

Mimi nataka hivi: ukishuhudia mauaji, taarifa yako ichukuliwe nje ya kituo cha mtaani kwako, na kama unamshtaki polisi isiguswe na mwenzake. Kwenye OB iandikwe namba, jina likae kwingine. Na afisa akivujisha jina la shahidi asihamishwe kituo, ashtakiwe.