PTO ya lori: nguvu ya bure au kiua giaboksi?

Kuna watu wakiona lori lina PTO wanajiona wamepata nguvu ya bure, na kuna wengine ukiwatajia tu wanakwambia achana nayo hiyo, itakuulia giaboksi. Wote wana ukweli kidogo, shida wanaongea kana kwamba kazi zote ni sawa.

Kwa asiyeijua, PTO ni kigiaboksi kinachofungwa ubavuni mwa giaboksi ya lori, kwenye ule mdomo wenye kifuniko cha bolti 6 au 8, gia yake inashikana na gia ya ndani inayozunguka injini ikiwaka hata gari likiwa nyutro. Ukiichomeka, injini inazungusha pampu ya haidroliki, kompresa, winchi, pampu ya kunyonya majitaka, chochote ulichokifunga.

Wanaoitetea kwenye tipa mimi siwabishii hata kidogo. Pampu ya cc 80 ikizunguka mara 1,000 kwa dakika inatoa kama lita 80 kwa dakika, presha ikifika bar 150 hapo unataka kilowati 20 hivi, weka na kidogo juu maana pampu nayo ina hasara zake. Kwa injini ya lori hiyo ni kazi ndogo tu, sasa ya nini ubebe injini ya pili yenye filta zake, betri yake, oili yake na makelele yake, eti unyanyue bodi kwa dakika moja?

Ubishi wa kweli unakuja kazi ikiwa ndefu halafu nyepesi. Tuseme unaendesha jenereta ya kilowati 5 kutwa nzima kwa injini ya lita 12, hiyo injini inakula dizeli ya kujizungusha yenyewe kwanza, pistoni zote hizo, pampu ya oili, feni, ndo kinachobaki kiende kwenye kazi yako. Afu ikinguruma taratibu muda mrefu haipati moto wa kutosha, na kwenye magari ya siku hizi yenye filta ya masizi kwenye ekzosi, filta inaziba mapema. Jenereta nayo ina masharti yake, ile ya poli 4, yaani ncha 4 za sumaku ndani yake, inataka mizunguko 1,500 kwa dakika ndo itoe hezi 50, raundi za injini zikiyumba na umeme unayumba nao. Kazi ya namna hii injini ndogo ya pembeni inashinda, tena kwa mbali, na wala sio suala la kupenda au kutopenda PTO.

Hili la kuua giaboksi linasemwa sana ila mimi naona lawama nyingi ni za ufungaji na mguu wa dereva. Kati ya gia ya PTO na gia ya giaboksi inaachwa nafasi ndogo sana, mara nyingi kati ya milimita 0.15 na 0.30, fundi anaipata kwa kuongeza au kupunguza gasketi huku anapima. Ikibana inapiga mluzi, ikilegea inagonga, na fundi aliyepaka silikoni nene akafunga bolti akaondoka bila kupima hata hajui ameacha nini mle ndani. Dereva naye, PTO ya kuchomeka kwa gia unakanyaga klachi mpaka chini unasubiri gia zitulie ndo unachomeka, ukisikia ule mkwaruzo jua meno yanaliwa. Mbaya zaidi ni kusahau kuichomoa ukaingia barabarani, pampu inazunguka kwa spidi ambayo haikutengenezewa, oili inachemka, sili zinakufa, na kwenye tipa bodi inaweza kunyanyuka gari likiwa linatembea, kukiwa na nyaya za umeme juu sijui utamwambia nani.

Kuna kitu wauzaji hawakisemi sana, ile nguvu iliyoandikwa kwenye PTO nyingi ni ya kazi fupifupi. Kazi ikiwa ya mfululizo kuna watengenezaji wanakwambia uishushe ibaki asilimia 70 ya hiyo iliyoandikwa. Halafu PTO ya giaboksi ya manyuo inasimama kila ukikanyaga klachi, ndo maana pipa la gari la zege, ambalo lazima lizunguke njia nzima, linachukua nguvu kwenye injini moja kwa moja.

Na wengi wanapoumia zaidi ni kwenye sevisi. Lori likisimama linapiga kazi kutwa kilomita hazisogei, mwenye gari anahesabu oili kwa kilomita, injini imeshakula masaa yake kimyakimya. Kwa hiyo ukienda kununua lori lililotumika lenye PTO usiishie kwenye dashibodi, uliza mita ya masaa, kama haipo zima injini, chukua tochi ingia chini, angalia kama oili inatoka kwenye sili ya PTO, kisha shika shafti yake uitikise, ikicheza sana anza kushusha bei.