Pesa Weka Kwenye Mikanda, Shanga Baadaye

Nasema wazi na atakayenuna anune. Vile vitopu vya beli dansi vinavyoagizwa onlaini, vya kung'ara mpaka macho yauma, vingi ni mapambo matupu. Bandua zile shanga uone chini yake kuna nini: kijisidiria cha lastiki nyembamba ambacho hata kwenda nacho Marikiti hapa Mombasa kununua nazi usingekiamini, halafu ndicho unachotaka kutikisika nacho mbele ya ukumbi mzima wa wanawake waliokula pilau wakashiba na sasa hawana kazi ila kukuangalia wewe. Na saizi zake eti S, M, L. Jamani, matiti yatapimwaje kwa S M L? Sidiria ina namba ya mbavu na herufi ya kikombe, vitu viwili mbalimbali, na huyo aliyekushonea huko aliko hajui hata kimoja chako.

Ndio maana kila anayeniuliza namwambia atafute sidiria nzuri aigeuze mwenyewe. Na hapo ndipo ubishi unapoanza, manake akishakubali tu mbio ni kwenye shanga. Atazunguka maduka yote anunue vimetameta, sarafu za kuning'inia, mawe ya kubandika, anamaliza pesa zote huko halafu mikanda anaiacha ile ile ya dukani. Mimi msimamo wangu ni kinyume kabisa: pesa, muda na nguvu za vidole ziende kwenye mikanda na mgongo, shanga zipate kitakachobaki, na kama hakitabaki kitu basi cheza bila shanga, hakuna atakayekufunga.

Sababu yenyewe nyepesi. Sidiria imetengenezwa ibebe matiti, basi. Lastiki yake inavutika ndio upate kupumua na kuinua mikono bila taabu. Sasa wewe ukiishonea shanga za kioo na vishada umeongeza uzito ambao haukupigiwa hesabu, na uzito wenyewe hautulii, unarukaruka kwa kila mtikiso, lastiki inavutwa inaachiwa inavutwa inaachiwa, nyimbo mbili tatu vikombe vishashuka vinaangalia sakafu na wewe uko katikati ya ukumbi unavuta kamba ya bega huku unajifanya ndio stailo. Tena mzigo mkubwa haubebwi na kamba za mabegani kama wengi wanavyodhani, unabebwa na ule mkanda unaozunguka mbavu. Jitazame kwenye kioo kwa upande, mkanda ukiwa unapanda juu mgongoni jua umelegea, na hapo hata ukikaza kamba za mabegani mpaka zikukate nyama hutapata kitu.

Kuna wanaosema haya mambo si yetu, ni ya Waarabu, sisi tuna chakacha yetu na leso kiunoni inatosha. Nakubali nusu. Chakacha ndiyo iliyonifunza kiuno, sibishani hapo, na nzumari ikilia mwili unajua la kufanya kabla kichwa. Lakini hilo vazi la vipande viwili, ambalo wenyewe wanaliita bedla, nalo si la tangu na tangu huko kwao. Lilishika kwenye kumbi za starehe za Cairo miaka ya 1920 na 1930. Mchezaji Badia Masabni alifungua ukumbi wake huko mwaka 1926, na ndiko walikopitia kina Tahia Carioca na Samia Gamal kabla ya kuwa mastaa wa sinema. Mtindo wa kumbi zile ulichanganya ya Misri na ya majukwaa ya Ulaya, na sinema za Marekani nazo zikatia mkono wake. Kabla ya hapo wachezaji walikuwa wakivaa nguo zilizofunika zaidi. Na baadaye Misri hiyo hiyo ikataka wachezaji wafunike tumbo, ndipo ukaona wanavaa ile neti nyembamba ya rangi ya mwili kati ya sidiria na mkanda wa kiuno.

Kwa hivyo shoga yangu unayeniambia ukifunika tumbo umeharibu vazi, nenda kawaambie Wamisri kwanza. Neti Biashara Street iko, unaishona chini ya sidiria inashuka mpaka kwenye sketi, na kwa sisi tunaocheza kwenye sherehe za wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni, hiyo neti inamfanya hata mama mkwe akae atulie kwenye kiti chake. Tena inasaidia kazi, manake inashikilia sidiria kwa chini isipande ukiinua mikono. Haya na ufundi vimeenda pamoja hapo, mbona tulalamike.

Haya, sidiria yenyewe. Mimi ni mtu wa soko la Kongowea. Sidiria ya mitumba ya kamera, iliyovaliwa kidogo au haijavaliwa kabisa, inaishinda mpya ya bei rahisi kwa mbali, sponji yake imeumbwa vizuri na waya wake mzito. Usione haya kuikunjua na kuibonyeza, yule kijana anayepiga kelele mama mia mama mia wala hashughuliki na wewe. Unatafuta kikombe cha sponji kinachosimama chenyewe hata bila titi ndani, kiwe laini kwa nje bila leisi wala mishono mingi. Chenye mkunjo kiache, mkunjo wa sponji haunyooki hata upige pasi, na ukikifunika kwa satini ndio unaonekana zaidi. Pushapu nene sana nazo sizipendi, ukiinama mbele zinakutema. Chagua kikombe kinachofunika, wewe ndiye utakayeamua baadaye unataka kionyeshe nini.

Muhimu kuliko yote ikutoshe kabla hujaigusa na mkasi. Ujanja wa saizi ni huu: 34C, 36B na 32D vikombe vyake vina ujazo mmoja, tofauti ni mkanda tu. Sasa kwa vile mkanda utautupa, usikatae sidiria nzuri ati kwa sababu mgongo wake mkubwa au mdogo, angalia vikombe na ule waya ukae juu ya mbavu pale titi linapoanzia, usikanyage nyama. Watu wanaacha mali sokoni kwa kutolijua hili.

Ukifika nyumbani, kata. Hapa ndipo wengi mikono inawatetemeka. Toa kamba za mabegani zote, toa mgongo wote, bakisha vikombe na kile kipande cha katikati na ubavu kidogo wa kushikia. Mkanda mpya uwe wa kitambaa kisichovutika kabisa. Utepe mgumu mpana ni mzuri, dril ni nzuri, na mimi mapenzi yangu ni jinzi kuukuu, ile ya zamani ya pamba tupu, si hizi za kubana zinazovutika manake utakuwa umerudi kule kule kwenye lastiki. Kunja mara mbili, shona kingo zote. Kujipima usijipime umesimama kimya kama unapigwa picha ya kitambulisho, vuta pumzi mpaka mwisho, tandaza mbavu, hicho ndicho kipimo, kwa sababu utakapokuwa unacheza utakuwa unahema na mkanda wa jinzi haukuonei huruma.

Mgongoni zile kulabu ndogo za sidiria sahau. Tumia kulabu bapa za kiunoni mwa suruali, mbili au tatu, uzishone mpaka uchoke halafu ushone tena. Acha na sehemu ya kuzidi ili ukinenepa au ukikonda usogeze tu. Na siku ya kucheza, hata uwe na imani ya chuma, juu ya kulabu tia na pini.

Mabegani kuna ugomvi mwengine. Wengi wanapenda kufunga shingoni kwa sababu inapendeza kwa mbele, na kweli inapendeza, lakini uzito wote unakwenda kwenye shingo na kesho yake huwezi kugeuka kumtazama anayekuita. Kama kifua chako kidogo na shanga chache haya. Kama mwili wako umejaa kama wangu, pitisha mikanda mgongoni ipishane, iwe mipana vidole viwili, na kwa mbele usiishone pembezoni kabisa karibu na kwapa, isogeze ndani kidogo pale kikombe kinapopanda, haitateleza begani hata ufanye nini. Kipande cha katikati baina ya vikombe nacho kishonee kitambaa kigumu kwa nyuma, hapo ndipo panapovutwa na pande zote mbili na hapo ndipo panapopasuka.

Kupeleka kwa fundi sitakukataza, ila mafundi wengi mjini ni wanaume na si kila mtu ana uso wa kumpelekea mwanamume sidiria yake ampimie, na hata ukiwa nao, charahani haipendi sponji la mviringo, itakubandika kikombe kibonyee. Hii ni kazi ya mkono. Uzi mzito, sindano imara, kastabini kidoleni. Na tusijifanye kazi ya mkono hatuijui, mji huu una kina mama wanaoshona kofia za viua tundu kwa tundu, wiki na wiki kofia moja, halafu wewe vikombe viwili vinakushinda?

Kufunika vikombe kitambaa kikate mshazari, hapo hata satini isiyovutika inakubali kuzunguka. Anza juu, bana kwa pini, vuta kidogo kidogo kuelekea chini, kile kitakachozidi kikusanye mkunjo mmoja chini ya kikombe upande wa kwapa ambako pambo litauficha. Kingo zigeuze ndani ushonee kwenye sponji. Mahameli inasamehe makosa, satini haisamehi hata moja. Ndani weka bitana ya pamba, nyepesi, uishone kwa mishono mikubwa ya kutoka haraka, nitakwambia kwa nini.

Shanga sasa, ndio ruhusa. Gundi ya kuyeyusha siitaki, kwa joto letu hili na jasho inalegea na pambo linakuachia sakafuni watoto waokote. Shona, na kila baada ya shanga chache funga fundo, uzi ukikatika pakimbie pale tu pasikimbie mstari mzima. Vishada vya kuning'inia vya kioo ndivyo vinavyocheza, vya plastiki ni vyepesi mno vinapeperuka tu. Zile shanga ndogo za kioo wanazotumia Wamasai, nyingi zatengenezwa Cheki, ni nzuri sana kwa kazi hii na hapa zapatikana kirahisi, ila ni nzito, ndio nikasema mikanda kwanza. Na tafadhali, lile ua moja kubwa la kumetameta katikati kabisa ya kila kikombe, hapana. Hapana! Kila mtu ukumbini atatazama pale pale na kiuno ulichokifanyia mazoezi hakuna atakayekiona. Pambo lifuate ukingo wa juu au lishuke kwa upande, jicho lizunguke.

Sarafu nazo mimi kidogo tu, na ziende kiunoni. Juu zinapiga kelele ovyo, na ukichezea ngoma za kweli si spika, mpigaji anakuangalia kwa jicho baya.

Baada ya sherehe kitopu hakifuliwi, ukikitia majini umekiua. Ndio ile bitana, unaifumua unaifua unairudisha. Wachezaji wa majukwaani huko Ulaya na Marekani hupulizia nguo zao vodka iue harufu ya jasho, sisi hiyo hatuna haja nayo, tuna udi. Kianike kwanza kivulini kikauke kabisa, upepo wetu wa bahari una chumvi na kulabu za chuma rahisi zinaota kutu upesi ukiziacha na unyevu, halafu kifukize. Usikitundike kwenye hanga, uzito wa shanga utavuta mikanda uliyoihangaikia, kilaze bapa na usibonyeze kikombe kimoja ndani ya mwenziwe. Na chetezo kiwe mbali, moshi ufike peke yake, manake vimetameta vya plastiki vikipata moto wa karibu vinajikunja vyote na hapo huna la kufanya ila kukaa na kisu kidogo unavibandua kimoja kimoja.