Mjomba Katika Somo la Nne

Kwa miaka mitano sasa kazi yangu ni kutunza maktaba ya video na sauti ya chuo kimoja cha kilimo, yaani lile jukwaa ambamo mwanafunzi huingia saa yoyote aipendayo, akachagua somo, akalitazama au akalisikiliza bila kumsubiri mhadhiri. Jina la chuo nitalihifadhi, kwa kuwa aibu ninayoisimulia ni yangu na ya Mjomba peke yetu. Mjomba ameshatoa ruhusa niiandike, kwa sharti moja ambalo nitalitimiza kabla sijaweka kalamu chini.

Ieleweke kwanza kwamba mimi ndiye niliyeandika mwongozo wa kurasa mbili uliobandikwa juu ya kila kompyuta ya studio yetu, unaokataza kabisa kupakia faili lenye jina lililotoka kwenye kamera. Jina la faili liwe na mwaka, mwezi, siku, msimbo wa kozi na namba ya somo, na asiyefuata arudi alikotoka. Niliwahi kumrudisha mlangoni mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu kwa sababu aliniletea faili liitwalo "mpya ya mwisho kabisa 2". Alinitazama sana, akaenda zake. Nadhani mtazamo ule ndio ulionifuata.

Somo la nne lilihusu kuzuia hasara ya mahindi baada ya mavuno, na lilifundishwa na mama mmoja mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti hata kwa dumuzi, yule mdudu anayetoboa mahindi ghalani. Nilikuwa nimeshalipakia, nimeliandikia maelezo, nimeligawa katika sura na kuliwekea manukuu yanayotembea chini ya picha, kisha nikaliamuru lifunguke lenyewe Jumatatu saa 12:00 jioni. Ijumaa, nikiwa karibu kufunga ofisi, nikalisikiliza tena na kugundua kwamba sekunde ishirini za mwanzo zilikuwa na mngurumo wa feni. Mtu mwenye akili angeuacha mngurumo huo uishi. Mimi nilizikata sekunde zile, nikalihifadhi faili jipya kwa jina lilelile lililotoka kwenye kamera, MVI_0043, nikijiambia kwamba mwongozo ni kwa ajili ya wengine na kwamba nitalibadili nikishamaliza.

Sasa, Jumapili iliyotangulia, ukoo wetu ulikuwa umeketi kupanga safari ya kwenda kujadili mahari yangu. Mwenyekiti alikuwa Mjomba, mzaliwa wa Tabora, mtu ambaye haamini karatasi kwa hoja kwamba karatasi huchanika na shahidi hufa. Aliagiza kikao kirekodiwe ili siku ya siku asiwepo wa kusema hakuahidi mbuzi. Nikaazima kamera ya studio kwa ruhusa niliyojipa mwenyewe, na kwa kuwa kadi ilikuwa imesafishwa na hesabu ya kamera imeanza upya, kipande kirefu cha kikao, cha dakika 38, kilipewa nacho jina la MVI_0043. Nilikinakili kwenye kompyuta ya ofisi nipate kumtumia Mjomba, nikakiweka katika folda iliyopakana na ile ya somo. Kompyuta yenyewe ni ya zamani, haionyeshi picha ndogo ya kilichomo ndani ya faili. Huonyesha alama ya filamu tu, zote zikifanana kama mbegu za papai.

Jukwaa letu lina kitufe kiitwacho "Badilisha faili", na kwa kweli ni kitufe cha busara. Hukuwezesha kuondoa video ya zamani na kuweka nyingine mahali pake huku kiungo, kichwa cha habari, maelezo, sura na manukuu vikibaki vilevile, kwa sababu hivyo vyote hutunzwa kando na video yenyewe. Mwanafunzi aliyehifadhi kiungo hasumbuliki. Nilibonyeza, nikachagua MVI_0043, nikathibitisha. Mashine ikaanza kazi yake ya kutengeneza ubora wa aina nne, kuanzia ule mzuri wa 1080 hadi ule wa 240 kwa wenye mtandao wa kuungaunga, na kila aina ikiikata katika vipande vya sekunde sita sita ili simu ivute kidogo kidogo. Dakika 38 ni vipande 380. Nilipozima taa na kwenda kulipata daladala, Mjomba alikuwa akikatwa vipande 380 mara nne, na mimi nikipiga mluzi.

Kuna jambo ambalo lingefaa nilitaje mapema. Masomo ya kozi hii yako wazi kwa wakulima na wafanyabiashara wa nafaka, si wanafunzi peke yao, na baba mkwe wangu mtarajiwa ananunua na kuuza mahindi Kibaigwa, pale kwenye soko kubwa la nafaka wilayani Kongwa. Katika juhudi za kumwonyesha kwamba binti yake hakupotea njia, nilikuwa nimechukua simu yake kwa mikono yangu miwili, nikamwekea programu ya maktaba na kumwambia, "Baba, kila Jumatatu saa kumi na mbili jioni, somo jipya. Kazi ya mikono ya mkweo." Alishayatazama matatu ya kwanza na kuyasifu, ila alilalamika kwamba yalikuwa yamekaa kitabuni mno.

Jumatatu ile saa 1:20 usiku simu yangu ikaita. Alikuwa yule mama mhadhiri.

"Samahani, mwanangu," alisema kwa upole wake uleule, "huyu mzee anayefundisha somo langu ni nani?"

Nilifungua jukwaa mkono ukitetemeka. Kitu cha kwanza kilichonilaki ni kijipicha cha somo. Usipokichagua mwenyewe, mashine hukuchagulia kutoka popote katika video mpya, na popote palipoipendeza ni pale Mjomba alipofungua kinywa kuupokea mguu wa kuku. Chini yake kichwa cha habari kilisomeka vizuri kabisa: "Somo la 4: Jinsi ya kupunguza hasara." Kwa haki yote, kichwa hicho hakikuwa cha uongo.

Nikabonyeza kucheza. Mjomba akasafisha koo na kuwatazama wazee wenzake mmoja baada ya mwingine. "Sikilizeni," akasema, "uwezo wetu ni ng'ombe wanane. Lakini tutaanza na wanne." Na manukuu ya yule mama, yakitembea kwa utulivu chini ya kidevu chake, yakaandika: *Kabla ya kuhifadhi, hakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5.*

"Wakitaja kumi na mbili, tushtuke. Lakini msishtuke wote kwa pamoja kama mmefundishwa. Aanze shangazi."

*Tenga punje zilizotobolewa na zilizopasuka zisichanganyike na nzima.*

Shangazi akaonekana akijaribu namna ya kushtuka. Aliweka mkono kifuani, akautoa, akauweka shavuni, akaona unakaa vizuri zaidi. *Kagua dalili hizi kila baada ya wiki mbili.*

"Mimi nitakuwa kiongozi wenu. Nikikohoa mara moja, maana yake tukatae. Nikikohoa mara mbili, tumekubali, na mtu asiongeze neno." Hapo akanyoosha mkono kwenye sahani, na wakati akiung'ata ule mguu wa kuku kwa meno ya pembeni, manukuu yakafika kwenye dumuzi: *Mdudu huyu hakuwa wa asili ya hapa nchini. Alionekana kwanza mkoani Tabora, na akishaingia ghalani huacha unga mtupu.*

Ningeweza kuendelea, kwa maana dakika zilikuwa bado nyingi na mahali pa mifuko ya plastiki yenye tabaka mbili za ndani isiyoingiza hewa paliangukia kwenye maelezo ya Mjomba kuhusu suti yangu. Lakini nilibonyeza "Ficha" nikidhani nimemaliza kazi.

Sikuwa nimemaliza kitu. Ili video isikwamekwame, nakala zake husambazwa kwenye seva zilizo karibu na watazamaji na hukaa humo hadi muda wake uishe, kwa hiyo Mjomba, ingawa nyumbani amefichwa, aliendelea kuhudumia wateja huko mitaani. Na sauti ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi wetu wengi hununua bando kwa kuhesabu, na dakika 38 za video ya ubora wa 720 zinaweza kula megabaiti 700, ilhali sauti yake peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 19. Kwa huruma hiyo tuliliwezesha jukwaa litoe sauti ya kila somo na kuisukuma hadi kwenye simu za waliojiandikisha. Kitu kilichokwisha kuingia katika simu ya mtu hukiwezi tena. Zaidi ya simu mia moja zilikuwa zimeshampokea Mjomba.

Faili la zamani nililipata katika matoleo ya awali, nikalirejesha usiku uleule pamoja na mngurumo wake wa feni, ambao sasa niliusikia kama kaswida. Kijipicha tu kilikaidi. Kwenye baadhi ya simu yule mama alifundisha wiki nzima huku Mjomba akiwa mlangoni na kuku wake. Kesho yake nilipofungua takwimu, nikaona grafu ya utazamaji, ambayo kwa masomo yetu hushuka tangu dakika ya tatu kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ya Mjomba ilikuwa tambarare mwanzo hadi mwisho, isipokuwa dakika ya 11, ile ya kikohozi, ambako ilipanda mlima kwa kuwa watu walirudi nyuma kuisikia tena. Mkuu wa idara aliniuliza kama yule mzee anapatikana kwa masomo mengine, na hadi leo sijui alikuwa akitania au la.

Jioni ukaja ujumbe wa mchumba wangu. "Baba amelitazama somo la nne mara tatu. Anasema hili ndilo la maana kuliko yote. Amelihifadhi kwenye simu." Nilimpigia, akapokea akiwa anacheka, akakata, akapiga mwenyewe, akacheka tena, akakata.

Mtu mwema angemweleza Mjomba. Nilikwenda kwake mara mbili kwa nia hiyo, na mara zote mbili nilimkuta akifanya mazoezi ya kukohoa, nikanywa chai na kuondoka.

Siku ya mahari mimi nilikaa nje chini ya mwarobaini, kwa kuwa muoaji hatakiwi kuwamo, lakini dirisha lilikuwa wazi na upepo wa Kibaigwa ulikuwa ukija na vumbi lake lote. Wenyeji walitaja ng'ombe kumi na mbili. Shangazi akashtuka, mkono shavuni. Nikasikia sauti ya mama mkwe ikisema kwa upendo, "Ule wa kifuani ulikuwa mzuri zaidi, wifi," na kimya kikaingia upande wetu. Mjomba, asiyeelewa kitu, akataja wanne. Wenyeji wakashuka hadi kumi. Mjomba akakohoa mara moja, na baba mkwe akasema, "Wamekataa," hata kabla mshenga wetu hajafungua mdomo. Wakashuka hadi wanane. Nina hakika Mjomba alikuwa amekusudia kuwafikisha sita, kwa sababu namjua, lakini papo hapo upepo ukaleta vumbi la dirishani, akakohoa mara moja, akajizuia, akajizuia, macho yakamtoka, kisha kikaja cha pili chenye kishindo kuliko cha kwanza.

"Mara mbili," alisema baba mkwe. "Andika wanane. Na mtu asiongeze neno."

Waliniita ndani baada ya hapo. Baba mkwe alikuwa ameshika simu yake mbele ya Mjomba, na Mjomba alikuwa ameinamia kioo, miwani puani, akijitazama akila kuku. Alitazama kwa muda mrefu bila kunigeukia. Nikajiandaa kukana kila kitu, kuanzia kamera. Hatimaye akainua kichwa, uso umemwiva kwa hasira.

"Ni nani aliyeandika haya maneno ya chini? Hayo ya mahindi? Mimi nimesema hivi lini?"

Baba mkwe naye alikuwa na lake. Alinivuta pembeni, karibu na gunia lililokuwa limeegemezwa ukutani, akalipiga kofi, na unga mwembamba mweupe ukamwagika kutoka kwenye vitundu vya ubavuni. "Mkwe," alinong'ona, "lile somo la dumuzi lenyewe ulilipeleka wapi?" Nikamfungulia palepale, na akalisikiliza amesimama, pamoja na feni.

Limebaki sharti la Mjomba. Ameniagiza niandike, kwa herufi zinazosomeka, kwamba katika dakika zote 38 hakutamka neno "unyevu" hata mara moja. Nimezipitia tena zote. Hakulitamka.