Eti "Kwetu ni Ukoo"

Hela ya mnada wa korosho ikishaingia, kuanzia Masasi mpaka Newala maneno barazani ni yale yale. Mwenye kitambi anaambiwa hajui kufunga mdomo. Naye anajitetea: "Kwetu ni ukoo, bibi alikuwa hivi hivi." Wote wawili wananiudhi, ila anayemsema mwenzake zaidi.

Jeni, yaani kinasaba tunachorithi kwa wazazi, iliyotajwa sana kwa unene ni FTO, iliyotangazwa 2007. Katika Wazungu waliopimwa, aliyerithi aina yenye hatari kwa baba na kwa mama alimzidi asiye nayo kwa wastani wa kilo 3. Kilo 3 tu! Wewe umezidi 30, zote unamsingizia bibi?

Lakini usicheke bado. Jeni nyingi za unene kazi yake iko kichwani, siyo tumboni. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Jeni ya MC4R ni sehemu ya njia ya taarifa hiyo. Njia ikilegea, shibe inachelewa. Kaeni wawili kwenye sinia moja la wali wa nazi: mmoja ameshanawa, mwenzake tumbo linadai kama hajaanza. Huyo siyo mlafi. Anashindana na njaa ambayo wewe hujawahi kuonja, halafu unamwita gunia!

Kuna na wachache ambao jeni moja imeharibika kabisa. Mtoto akinenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5, tena analilia chakula sahani haijakauka, mpelekeni hospitali. Watoto waliogundulika Uingereza 1997 hawana leptini walipochomwa sindano zake walipungua. Viboko visingewasaidia.

Haya, ukoo upo, nakubali. Ila jeni za ukoo ni zile zile za enzi za bibi. Kilichobadilika ni sinia. Bibi alitafuna ming'oko, mizizi ya porini, na kwenda shamba kwa miguu. Mjukuu yuko kwenye bodaboda, mkononi soda ya mililita 350 yenye vijiko vya chai tisa vya sukari, na haishibishi hata kidogo. Mwenye shibe ya kuchelewa ndiye anayeumia zaidi hapo.

Kwa hiyo apakue kwenye sahani yake, aachane na sinia. Aanze na kisamvu na kunde, wali ufuate. Akitaka kuongeza, asubiri dakika 20. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa: kijiko kimoja cha mezani ni kalori 120. Na atembee, kwa wanaoushughulisha mwili, nguvu ya FTO hupungua kwa zaidi ya robo.

Wauza vipimo vya mate vya kusoma jeni za unene nao watupishe. Maeneo 97 ya vinasaba yaliyotangazwa 2015 yalieleza chini ya asilimia 3 ya tofauti za uzito, na waliopimwa wengi ni Wazungu.

Futi ya fundi cherehani inatosha. Toa pumzi, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mwanamke sentimita 80, mwanamume 94. Ukivuka hapo, kapime presha na sukari.